Mizunguko Thelathini na Miwili

Karatasi ya muziki iliniponyoka ikaingia chini ya piano, nami nikaacha kupiga.

Zinaida Arkadyevna, malkia wa baleti hapa Petersburg kwa miaka ishirini, hakusimama. Aliendelea kuzunguka kwa mguu mmoja, ncha ya kiatu ikigonga ubao uleule, macho yakirudi kila mara kwenye dirisha lenye theluji.

Nilidhani ananitania. Nikahesabu mizunguko. Akatua palepale ambapo wimbo ungeishia, bila kupoteza hata pigo moja.

Kisha akaja kwenye piano, jasho likimtiririka, akainama kunishukuru kama kila siku.

“Leo umepiga vizuri, mzee wangu. Jana ulipiga polepole mno, ulikuwa unaniburuza!”

“Sikuburuzi tena, binti yangu,” nikamjibu, nikihakikisha anaiona midomo yangu.