Alama ya X

Rangi nyekundu ilikuwa ikichuruzika ukutani kwa Mama Ottilia wakati kijana mmoja wa wakala wa barabara alipolaza brashi juu ya kopo.

"Hiyo X maana yake nini, mwanangu?"

"Kitu chochote kilichoziba hifadhi ya barabara lazima kiondolewe, mama."

Ottilia aligeuka kutazama barabarani. Gari la kijana lilikuwa limeegeshwa juu ya njia ya waenda kwa miguu, na watoto wa shule walilizunguka kwa kushuka kwenye lami, huku malori ya makaa ya mawe yakiteremka kwenda bandari ya Mbamba Bay na kuwapeperushia sketi.

"Shikamoo, bibi!" mmoja alipaza sauti kutoka katikati ya vumbi.

"Marahaba, mjukuu wangu," Ottilia akaitikia, akiinamia kopo na kuichukua brashi.

Mlango wa gari ulikuwa mweupe pe.