Jasho la Editha

Siku hizi shule hazina uwanja. Somo la michezo linatumwa kwenye bangili, mtoto anafanyia mazoezi kwao, bangili inaonja jasho lake na kunitumia alama. Mimi, mwalimu wa michezo, nakaa ofisini nikikodolea macho michoro. Walimu nasi tunazo bangili, na asiyetoka jasho kwa siku hafundishi kesho yake.

Editha wa darasa la sita aliongoza muhula mzima, nikaenda kwao kumpelekea cheti. Nilimkuta amejilaza kwenye kochi anakula chipsi, mkononi hana kitu. Uani, dada wa kazi aitwaye Tausi alikuwa anafua mablanketi kwa mikono. Alivaa bangili nne, za watoto wote wa nyumba ile, zimepangana hadi karibu na kiwiko. Ngozi chini yake ilikuwa imevimba na kunuka kama tambara bichi.

"Mashine ya kufulia imeharibika?" nilimuuliza mama Editha.

"Nzima, mwalimu. Ila tukiitumia, watoto watafeli."

Nilitamani kutema mate. Niliondoka bila kuaga, na cheti chao nikarudi nacho.

Kwangu nilipitia mlango wa uani. Shukuru, dada yetu wa kazi, alikuwa anatwanga kisamvu, jasho linamtiririka. Aliponiona aliweka mchi chini, akavua bangili yangu mkononi mwake.

"Ya leo tayari, mama."

Niliivaa hivyo hivyo, ingali na joto lake.