Seli za Katikati

Daktari alichora duara nyuma ya cheti cha dawa, akamweleza Mwatumu hali ya ini la mumewe.

"Hizi seli za pembeni bado zinafanya kazi, mama. Seli ni za aina moja, ila za katikati ndizo zinazopewa ishara ya kuvunja dawa. Dawa ilipozidi, zilikufa hizo. Tumechelewa."

"Yaani zilizotii ndizo zimekufa?"

Daktari akaweka kalamu chini. Mezani zilikuwa pakiti mbili alizoleta Mwatumu. Majina tofauti, dawa ileile. Wiki nzima alikuwa akimpa mumewe zote mbili, moja ya homa, nyingine ya mgongo.

Alirudi wodini. Midomo ya mumewe, Sefu, ilikuwa imekauka. Mwatumu alipomsogezea kijiko cha maji, mumewe akafungua kinywa bila kuuliza ni nini.