Wapenzi wa Bi Mdogo

"Bi Mdogo bado anakohoa akiwashwa?"

Muuza dawa aliusoma ujumbe huo mara tatu, amesimama nyuma ya kaunta na chupa mkononi. Mteja akamwuliza kama anaumwa. Akasema hapana, ni joto tu, akamkabidhi dawa yake, akasahau kumwambia anywe vijiko vingapi. Ikabidi amkimbilie hadi barabarani.

Bi Mdogo hakuwa mtu. Ilikuwa amplifaya ya taa, zile za zamani zenye vitaa vya kioo vinavyowaka kama makaa. Baba yake aliiunda kwa mikono yake mwenyewe, akaipenda hadi mama akasema haya, nimeletewa mke mwenza, na jina likaganda hapo. Kila ilipowashwa ilikohoa mara mbili, ndipo ikaimba. Utani huo wa kikohozi haukuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba yao. Duniani kote waliujua watu watatu tu.

Miaka kumi na mmoja nyuma, asubuhi moja, baba alitoka kwenda kutafuta taa ya kubadilisha iliyoungua. Hakurudi. Hospitali hakuwapo, mochwari hakuwapo. Mama alilia mwezi mzima, kisha akakauka. Amplifaya akaifunika shuka, akaisukuma uvunguni. Tangu hapo, aliyemtaja mumewe alijibiwa maneno mawili: aliyekwenda, amekwenda.

Sasa baba mdogo alikuwa amechoka kungoja. Nyumba ilikuwa kwa jina la kaka yake, paa linavuja, na hakuna aliyeruhusiwa kuiuza wala kuivunja hadi ithibitishwe kwamba amekufa. Ijumaa mama angesimama mahakamani kula kiapo kwamba mumewe ni marehemu. Tangazo lilishatoka gazetini.

Binti, yule muuza dawa, hakuwa tayari kumzika mtu ambaye maiti yake hajaiona. Miezi miwili kabla ya hapo alifungua kundi mtandaoni, akaliita Wapenzi wa Bi Mdogo, kwa watu wanaosikiliza muziki kwa amplifaya za taa na wasiotaka kuambiwa habari za kitu kingine. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: baba akiwa hai, vitu hivyo vitamvuta tu, kama sukari inavyomvuta sisimizi. Jina lake hakuliweka. Alijiita Fundi, akaandika kwa misemo ile ile ya baba, ili mwenyewe akipita asikie harufu ya nyumbani na asishtuke.

Walikuja watu themanini. Alikuwamo daktari wa meno aliyezipiga picha nyaya zake kama wazazi wanavyopiga picha watoto wachanga. Alikuwamo rubani mstaafu aliyedai kusikia vumbi likitua juu ya sahani ya santuri. Watu wazima hao waligombania waya wa shaba na waya wa fedha wiki nzima, mpaka akawasuluhisha kama watoto wa chekechea. Hakuna hata mmoja aliyekuwa baba yake.

Hadi Jumatatu hii, alipojiunga mtu asiye na picha, aliyejiita Kimya, na swali lake lile la kikohozi.

Binti alijibu: "Anakohoa mara mbili, kisha anaimba."

Siku nzima hakupata neno. Kesho yake mchana jibu likaja. "Mbona hukunitafuta?"

Lilimchoma. Alitaka kuandika kwamba walimtafuta hadi viatu vikaisha soli. Lakini aliogopa kumkurupusha, kama ndege aliyetua dirishani. Akaandika neno moja tu: "Niliogopa."

Jioni hiyo mama aliunguza wali, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Walikula ule wa juu, kila mmoja na simu yake kaigeuza kifudifudi pembeni ya sahani. Mama akasema macho yanamsumbua, Alhamisi asubuhi atakwenda kupimwa. Binti akashukuru moyoni. Huenda angeihitaji asubuhi hiyo kukutana na Kimya kabla ya Ijumaa, na asingelazimika kudanganya.

Alikaribia kumwambia. Neno lilifika kwenye ncha ya ulimi, akalimeza pamoja na wali. Je, kama si yeye? Je, kama huko aliko baba alimsimulia mtu mwingine? Kumfufulia mama mumewe leo, amzike tena kesho, hapana. Kwanza ahakikishe.

Jumatano Kimya akaandika tena. "Kesho saa nne asubuhi, mgahawa wa nyuma ya stesheni. Baada ya Ijumaa itakuwa tumechelewa."

Kumbe habari ya Ijumaa anaijua. Bila shaka aliliona gazeti. Hapo shaka iliyobaki ikamtoka binti. Kabla hajajibu, ujumbe mwingine ukaingia: "Nitakaa kiti cha mwisho kabisa, nimeupa mlango mgongo. Nikikuona unaingia, nitakimbia."

"Nitakuja," akaandika.

Alhamisi alimwachia mwenzake kaunta, akaenda kwa miguu, kwa sababu miguu ilikataa kusimama kungoja gari. Njiani alipanga maneno, akayapangua. Hakujua kama akifika atamkumbatia au atamzaba kofi.

Mgahawa ulikuwa mtupu saa ile. Mhudumu alimtazama, akaashiria kwa kidevu kule mwisho, kwenye viti vya mbao vyenye migongo mirefu kupita kichwa cha mtu. Kikombe kimoja cha chai kilionekana pembeni ya meza, kimejaa, kimepoa.

Akapita meza ya kwanza. Ya pili. Kwenye ya tatu akashika ukingo, akavuta pumzi, akaendelea. Akafika nyuma ya kiti cha mwisho. Akasimama.

Aliyeketi alisikia hatua zikikoma. Hakugeuka.

"Kaa, mume wangu," ilisema sauti ya mama yake. "Usiogope. Mtoto hajui kama nimekuja."