Fundo Jekundu

Gauni la hospitali alilokabidhiwa Bi Zamda halikuwa na kamba nyuma. Kwenye benchi nje ya chumba cha mashine ya kupima, wanawake watatu walikuwa wamevaa kama hilo, kila mmoja amelishika lake mgongoni kwa mkono.

"Fanya kama wenzio, mama," Sista Eufrasia alimwambia Bi Zamda.

"Na kwenye mashine?"

"Kule mikono inawekwa juu ya kichwa."

"Basi nani atanishikia?"

Bi Zamda alikuwa amewashonea maharusi wa mji ule kwa miaka thelathini, na hata siku ya kupimwa kama uvimbe umerudi, hakukusudia kuingia mgongo wazi. Aliketi, akachana tepe mbili kwenye pindo la kanga yake nyekundu, kisha akachomoa sindano yenye uzi iliyokuwa imechomekwa kifuani mwa dera lake.

"Mama! Si nilikuuliza kama una chuma?"

"Uliniuliza chuma. Hii ni kazi yangu."

Akazishona zile tepe mgongoni mwa gauni ziwe kamba, kwa mishono midogo iliyolingana, hana haraka. Akaenda kuvaa, akarudi, akamgeuzia Sista mgongo afunge.

Mlango ukafunguliwa, jina lake likaitwa. Akamkabidhi Sista sindano.

"Nishikie. Uzi usiuchomoe, nikitoka nawashonea na hawa."

Akaingia huku mikono yote miwili inapunga. Kwenye benchi, wale watatu walilitazama lile fundo jekundu mpaka mlango ukafungwa.