Mpishi wa Mwaka Elfu Mbili

Mtu wa bati alipomaliza kumenya ndizi ya kwanza, akina mama wa Nyakasimbi waliacha kucheka. Ganda lilitoka jembamba, na ndizi ikabaki nzima.

Desderius, wakala wa Kampuni ya Majiko ya Nyota, alifuta jasho kwa leso. Kule Murongo walikotoka ilikuwa aibu tupu. Mtu wa bati huyohuyo alimenya mkungu mzima, nusu ya ndizi zikaenda na maganda, wanawake wakacheka mpaka wakakaa chini, na hakuna aliyenunua jiko hata moja. Kampuni ilikuwa imemwambia wazi kwamba majiko yakirudi Bukoba, yeye asirudi nayo. Bahati nzuri walilala Nyakakika njiani, akapata nafasi ya kurekebisha mambo.

Kampuni hii, mjue, haikuridhika kuuza majiko ya mafuta ya taa kama wachuuzi wengine. Ilitengeneza na sinema. Asubuhi ile ya mwaka 1954 watu walijazana katika darasa la misheni, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, wakaonyeshwa mwaka elfu mbili. Loo, mwaka elfu mbili! Watu wanaruka kwenda mwezini kama wanaokwenda mnadani, nyumba zinajifagia zenyewe, na mtu wa chuma anapika huku bwana mwenye nyumba amenyoosha miguu. Kila kitu kimebadilika, hata suruali. Jiko tu ndilo halikubadilika. Lilikuwa lilelile lililopangwa nje kwenye gari, tayari kuuzwa.

Baada ya sinema mtu wa chuma mwenyewe alitolewa uwanjani, ingawa kwa karibu alifanana zaidi na madebe. Kwamba ndani mna mtu, kila mwenye akili alijua. Watu wa Murongo walishamtaja hata jina: Melkiory, jamaa aliyeajiriwa Bukoba kuyavaa yale mabati. Na chuma gani kinakohoa? Aliyeamini alikuwa mmoja tu, naye ni Kahigi.

Tusimcheke sana. Kahigi alikuwa na njaa. Tangu mavuno ya kahawa alikuwa akila viazi vya kuchoma, kwa sababu mkewe, Kokuberwa, alirudi kwao Nyakakika siku ile Kahigi alipotema ndizi alizopika mkewe mbele ya wageni na kusema ni mbichi. Namna ya kumrudisha ilijulikana: apeleke mtungi wa rubisi, ile pombe ya ndizi, kwa baba mkwe, akae chini, aseme kosa lake kwa kinywa chake. Wazee walimsihi. Akawajibu kwamba yeye, Kahigi, kumwomba mwanamke radhi, labda mwaka elfu mbili. Jibu hilo lilimpendeza mno. Alilirudia kilabuni kila jioni, wapita njia wakalibeba mpaka huko ng'ambo ya vilima.

Na sasa mwaka elfu mbili ulikuwa umemfuata hadi uwanjani, una sufuria mkononi. Kahigi alisukuma watu akasimama mbele kabisa.

Mtu wa bati alipanga ndizi, akazifunika kwa jani la mgomba, akagonga kisu mara mbili kwenye ukingo wa sufuria. Yakafuata maharage, na chumvi kidogo sana. Kahigi hakupenda chumvi nyingi. Alistaajabu jinsi kampuni ilivyofikiria kila kitu.

Chakula kilipoiva alipewa yeye aonje, maana ndiye aliyekuwa karibu. Alikula sahani nzima bila kuinua uso. Kisha akamwambia Desderius kwamba atamtoa ng'ombe wake, yule mwekundu, siku hiyohiyo, mradi aachiwe huyu mpishi. Desderius akamweleza kwa adabu zote kwamba mpishi hauzwi mpaka mwaka wenyewe ufike. Kinachouzwa ni jiko.

Kahigi alikaribia kulia. Jiko angelifanyia nini? Nyumba ilikuwa baridi, mwanawe Anatory alikuwa akila kwa majirani, na yeye mwenyewe usiku alikuwa akijikuta anazungumza na kuku. Alimtaka mkewe, basi. Wakati Desderius amegeuka kuwahubiria akina mama habari za utambi, Kahigi alisogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa bati.

"Nikwambie wewe, kwa kuwa u chuma na huna pa kupeleka maneno," alinong'ona. "Zile ndizi za Mama Anatory zilikuwa zimeiva. Wageni walimsifu yeye, mimi nikaona wivu. Nilimkosea. Lakini siwezi kwenda kusema hivyo mbele ya watu."

Mtu wa bati alifuta kisu kwa jani la mgomba. Kahigi alijisikia nafuu kidogo. Hiyo ndiyo raha ya chuma, alifikiri, unakiambia nacho hakikusimangi.

Ndipo Melkiory alipotokea nyuma ya gari, anapiga miayo, amebeba ndoo ya maji. Akamuuliza Desderius kama mpishi apewe maji sasa, maana jua ni kali na joto la mle ndani yeye analijua. Kahigi akamtazama Melkiory, akayatazama madebe, akamtazama tena Melkiory.

"Mwaka elfu mbili ndio huu umefika, Baba Anatory," madebe yakasema. "Na baba bado anangoja rubisi yake."