Mbio za Mwisho za Duma

Hamchoki kunisumbua nyinyi? Haya, sikilizeni, sirudii.

Wanyama walishindania ubingwa msimu mzima, kila mbio na alama zake. Ikabaki moja, Ngiri akiongoza, maana hakosi kumaliza. Duma mwenye majivuno, aliyeshinda mbio za kwanza, akamnong'oneza mwamuzi Nyani, shemeji yake. Nyani akatangaza, "Za mwisho, alama mara mbili!"

"Na adhabu?" Ngiri akauliza.

"Hata adhabu, bibi pua mavumbi!" Duma akacheka.

"Sawa. Mimi hukimbia mkia juu, na leo siushushi."

Njiani Duma akaogopa tope, akapita njia ya mkato mbele ya macho ya wote. Ngiri akalipita humo humo, mkia juu. Duma akafika wa kwanza.

Adhabu ya kupita njia ya mkato ilikuwa kunyang'anywa ushindi mmoja. Duma akanyang'anywa miwili: wa siku ile, na ule wa kwanza aliojitapia msimu mzima.